Sadala Aliyepumzishwa

Siku hizi mzee akitoka nje tu huletewa kiti na kuambiwa asijichoshe, lakini enzi za Mwingereza wazee wa Maparoni, kule delta ya Rufiji, ndio waliowaacha vijana nyuma kwenye matope ya mikoko.

Mtoro alikata boriti na Sadala tangu ujanani. Hata mvi zilipomjaa Sadala mpaka kwenye nyusi, bado alipiga kafi kuyakabili maji ya kupwa, mkewe Mwantum akiwa nyuma ya mtumbwi anamsimanga kwa uvivu.

Miaka michache kabla ya Uhuru alikuja daktari wa Kizungu, akichunguza mioyo ya wazee wanaofanya kazi za jasho. Alimpigisha Sadala kafi mpaka ng'ambo na kurudi, kisha akamwekea mpira wa kusikilizia kifuani.

"Bwana daktari," Mwantum akasema, "ukimaliza moyo, msikilize na tumbo. Hilo ndilo linalopiga kelele."

Daktari akacheka. Kupitia mkalimani akasema moyo ule ni wa kijana, na kazi ndiyo iliyoutunza. Asiiache.

Tamimu, mwana wao aliyekuwa karani Utete, aliposikia alihamaki. "Mzungu anataka wazee wetu wafie kazini! Mimi nala mshahara, baba yangu yumo matopeni? Watu watanionaje?"

"Mwanangu," Mtoro alimwambia, "mtumbwi ukiachwa juani hupasuka."

"Baba mdogo, baba yangu si mtumbwi."

Sadala aliinamisha kichwa. Angekataa, angemwaibisha mwanawe. Akafungasha, yeye na Mwantum wakahamia Utete kwa Tamimu.

Mwaka uliofuata Mtoro alikwenda Utete kumtazama. Alimkuta barazani, miguu imevimba. Chakula huletewa, maji huletewa, hata msikitini haendi tena.

"Unakula?"

"Nala kama bwana harusi, nakaa kama bibi harusi."

Walicheka. Tamimu alikuwa mwana mwema kweli, na hilo ndilo lililomchoma Mtoro: hakuwa na wa kumlaani.

Wakati wa kuaga Sadala akataka kumsindikiza, kama ilivyo ada. Mwantum akampa bega. Walifika ukingoni mwa baraza, pumzi zikamkatika Sadala.

"Tangulia, mwenzangu," alisema. "Nakuja."

Mtoro alikwenda polepole makusudi. Kwenye kona akageuka. Walikuwa wangali palepale, Mwantum amemshika mumewe kiunoni, wote wawili wakiutazama mguu mmoja wa Sadala uliokwishashuka ngazi, wasijue waurudishe juu au waushushe na wa pili.

Mtoro hakuwaona tena.