Toleo na Kutolewa

Mwaka 1998 nilirudi Garsen na shahada bila kazi, nikakabidhiwa kompyuta kuukuu ya msaada. Jirani yangu, msichana wa Golbanti, alijifunzia hapo kuchapa. Ofisi moja ya Hola ikampa disketi: akisahihisha barua zilizomo, kazi ni yake. Programu ya kuandikia iliyokuwa kwenye kompyuta yetu, huria na ya bure, ikashindwa kuzifungua.

Nilipofika Mombasa, kwenye intaneti, nikawaandikia watengenezaji wa programu hiyo, watu wanaojitolea huko ng'ambo. Wakajibu kwa adabu: toleo hilo lina miaka miwili, hatulihudumii tena, chukua jipya. Miaka miwili! Kikongwe kabisa. Jipya lilitaka kompyuta mpya, ambazo bila shaka Garsen ziliuzwa sokoni kando ya vibuyu vya maziwa.

"Wamesemaje, kaka?" msichana aliniuliza niliporudi.

"Wametoa toleo jipya."

"Na sisi?"

"Tumetolewa."

"Kwani kwao hakuna mto? Mtumbwi wa zamani huzibwa mpaka mpya uvuke."

"Hawalipwi, dada."

"Na anayeziba mtumbwi hulipwa na nani?"

Akaenda Hola kuomba nakala za karatasi, akazichapa barua zote upya kwenye kikongwe chetu. Kazi akaipata. Wale wa ng'ambo sikuwaandikia tena. Pengine hata anwani yao ilishapata toleo jipya.