Utumbo wa Melania Ulikuwa Safi Mno

Wanaokula supu ya utumbo sokoni Mwanga wanamjua Melania kwa jambo moja: supu yake haina mchanga, haina harufu, na hakuna aliyekula kwake akalala anashika tumbo. Mimi naitwa Gervasi, nimekula kwake miaka kumi na miwili na sijawahi kupunguziwa bei hata ya bakuli moja, kwa hiyo maneno yangu hayajanunuliwa. Utumbo wa mbuzi anaufuata mwenyewe machinjioni asubuhi. Anaupindua, upande wa ndani uwe nje, kwa kijiti laini alichokichonga kwa mkono wake, kisha anaukwangua kwa mgongo wa kijiko mpaka utelezi wote utoke. Wanawake wengine pale huosha tu. Melania huosha na kukwangua, na akimwona mwenzake anaruka hatua hiyo humwambia hapohapo, mbele za watu. Ndiyo maana hana marafiki wengi.

Ni Muha wa Buhigwe, mjane, mfupi, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili. Kuna swali lilikuwa linamsumbua miaka mingi, naye alinitupia mimi kwa sababu natunza maabara, na mtu anayetunza maabara, kwa hesabu zake, lazima awe anajua mambo. Alisema amepindua utumbo miaka thelathini, ameutazama juani na kivulini, na hajaona tundu hata moja. Sasa chakula kinapita wapi kwenda kwenye damu? Nikamjibu kwamba kinachujwa. Akauliza kinachujwa na nini. Nikamwambia supu inapoa.

Mwaka jana akaja Yunisi, binti wa Kasulu anayesomea shahada ya pili ya mifugo. Alipewa wiki sita katika maabara yetu, ambayo ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya mifugo, njia ya kwenda Ujiji. Alitaka kujua utumbo mwembamba wa mbuzi unafyonza vipi asidi amino, yaani vile vipande vidogo vinavyobaki protini ikishavunjwavunjwa tumboni. Wiki sita zikiisha chumba kinachukuliwa na watu wengine. Akiondoka mikono mitupu, mwaka wake mzima wa masomo umekwenda na maji.

Namna ya kupima ilikuwa hivi. Unachukua kipande cha utumbo kibichi kabisa, kilichotoka kwa mbuzi muda huohuo, unakipindua. Unakijaza maji yenye asidi amino, unafunga ncha zote mbili kwa uzi, kinakuwa kimfuko. Unakizamisha kwenye maji yaleyale, unapuliza oksijeni, unasubiri saa moja. Mwanzoni maji ya ndani na ya nje yako sawa. Utumbo ukiwa bado hai unavuta asidi amino kutoka nje na kuziingiza ndani, hata kama ndani zimeshajaa. Mwishoni unamimina maji ya ndani na ya nje kila upande kwenye chupa yake, unatia dawa na kuchemsha kidogo, yanageuka zambarau, na asidi amino zikiwa nyingi zambarau inakolea. Ndani pakikolea kuliko nje, umefaulu.

Kazi iliyomshinda Yunisi ni kupindua. Siku ya kwanza alichana vipande saba. Nikamwambia namjua mtu. Melania alipopewa habari hakuuliza malipo, aliuliza kama ataruhusiwa kutazama. Wakakubaliana apindulie machinjioni, utumbo ungali na joto, autie kwenye ndoo ya maji ya chumvi yenye barafu, kisha apande bodaboda hadi kwetu. Yunisi alimkataza sabuni, maji ya moto na ndimu. Melania akaitikia yote.

Basi kila asubuhi aliingia, akatusalimu "Mwakeye," akaweka ndoo mezani na kukaa kwenye stuli yangu. Mimi nikasimama. Alitazama vimfuko vile saa nzima bila kuongea, jambo ambalo sokoni Mwanga wasingeliamini. Kisha maji yakatiwa dawa, yakachemshwa, yakawa zambarau, na zambarau ya ndani ikawa sawasawa na ya nje. Ikawa hivyo Jumatatu, ikawa hivyo Jumanne, ikawa hivyo wiki ya pili na ya tatu.

Yunisi alianza kutafuta mchawi. Kwanza alilaumu mbuzi, kwamba wanakula mifuko ya plastiki. Halafu akalaumu maji yetu ya bomba. Halafu, kwa adabu sana, akaniuliza kama huwa nasuuza chupa mara tatu au mara mbili. Nina miaka kumi na tisa nasuuza chupa. Nilimjibu vibaya na sijutii, ingawa siku hiyo nilisuuza mara nne.

Wiki ya sita, Jumatano, alikata kijipande kidogo, akakiweka chini ya hadubini na kukaa pale muda mrefu. Aliponyanyua uso alikuwa ameshaamua. Alisema utumbo huu hauna utando wake wa ndani, kwa hiyo mbuzi wa mwambao huu wa ziwa wana ugonjwa unaowala utumbo, na hilo ndilo atakaloandika. Alilisema kama mtu aliyepata pa kushika. Mimi nilijiwazia wafugaji wa huku wakisoma kwamba mbuzi wao wote ni wagonjwa, lakini sikuwa na la kumpinga.

Melania aliomba kutazama. Yunisi akamwonyesha kwanza picha kitabuni, jinsi utumbo mzima unavyotakiwa kuwa: vijinyama vidogo vimesimama vingivingi, kama nyuzi za taulo jipya. Akamweleza kwamba hakuna tundu, chakula kinapita kwenye vijinyama hivyo, kila kimoja kina mishipa yake ya damu ndani. Kisha Melania akainamia hadubini. Akatazama kile kipande chetu kitupu, akarudi kwenye picha, akaigusa kwa kidole.

"Hivi vinyuzi," aliuliza, "ukivishika vinateleza?"

Yunisi akasema ndiyo, vimefunikwa ute.

Nilimwona Melania anatazama mikono yake, nami nikaelewa sekunde chache kabla hajasema. Angeweza kunyamaza. Taarifa ya mbuzi wagonjwa ilikuwa tayari kichwani kwa Yunisi, na hakuna mbuzi ambaye angekuja kukanusha.

"Mwanangu, mbuzi ni wazima," alisema. "Nilikuwa naukwangua. Kila siku, kabla ya kuutia kwenye ndoo. Niliona aibu kukuletea uchafu wewe mtu wa shule."

Yunisi hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa magotini. Kumkataza mtu sabuni aliwaza. Kumkataza kijiko hakuwaza, kwani nani angewaza? Na kwa Melania kukwangua haikuwa hatua ya kutajwa, ilikuwa sawa na kunawa mikono. Niliwaonea huruma wote wawili, na kidogo nikajionea mimi mwenyewe kwa zile chupa.

Zilibaki siku mbili. Alhamisi nilimsindikiza Melania machinjioni, na hapo ndipo nilipomheshimu kuliko siku zote za supu. Wale wanawake aliowasema miaka na miaka walikuwa wamejipanga kwenye beseni zao. Akapindua utumbo, ukatoka mzuri, unang'aa utelezi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijiko. Akaurudisha. Akasuuza kwa maji baridi ya chumvi tu, akautia kwenye ndoo vilevile. Kaneza, mama wa Kirundi anayeuza utumbo upande wa Kibirizi, akauliza kwa sauti kama leo Mwanga watakula na mavi. Wote wakacheka. Nilijua Melania ana majibu ya mambo kama hayo, na mengine hayaandikiki. Safari hii alifunika ndoo tu, akatembea hadi kwenye pikipiki, shingo imekakamaa.

Maabarani hakuna aliyeketi kwenye stuli. Vimfuko vilikaa saa yake. Maji yakatiwa dawa, yakawekwa kwenye maji ya moto. Chupa ya nje ilipata zambarau iliyofifia. Ya ndani iliendelea kukolea mpaka ikawa karibu nyeusi. Yunisi alirudia na kipande cha pili, na cha tatu, na Ijumaa akarudia na mbuzi mwingine, na kila mara ndani palikolea. Melania aliinua zile chupa mbili kuelekea dirishani, akazishusha, akaziinua tena. Alitaka kujua utumbo unafahamuje cha kuvuta na cha kuacha. Yunisi akasema hilo wapo watu wanalitafuta bado. Melania akauliza wanalitafutia wapi.

Ilibaki kuandika. Yunisi alimwambia taarifa lazima iseme kwa nini matokeo ya wiki tano na zaidi yametupwa, lakini anaweza kuandika tu kwamba kulikuwa na hitilafu katika maandalizi, bila kumtaja mtu. Alisema anajua biashara ya mama inategemea jina.

"Hitilafu ni nini?" Melania aliuliza. "Kesho mwingine atakuja na ndoo yake, atakwangua kama mimi, na wewe utakuwa umeandika hitilafu. Andika nilichofanya. Na aliyefanya ana jina."

Yunisi akaandika palepale, kisha akasoma: kwamba vipande vya awali viliandaliwa na Melania Bigirwa, msafishaji wa utumbo wa soko la Mwanga, ambaye kwa desturi ya kazi yake aliondoa utando wa ndani, na kwamba ni yeye aliyegundua kosa hilo, akalisema, na kuandaa vipande vyote vilivyofaulu.

Melania akasema asome tena. Akasoma. Kisha akaniomba nisome mimi, kwa kuwa, alisema, huyu mtoto anasoma haraka kama anaogopa kumtaja. Nikaichukua karatasi, nikasoma polepole, jina lake lote. Alikuwa analia, wala hakujificha.