Vipimo vya Jicho Langu

Kupima macho, yule bwana wa duka la miwani mjini Lilongwe alijua. Hilo sitamnyima. Aliniweka kidevu juu ya chuma, akanimulika, akageuzageuza vioo vyake, kisha akaniambia kwa Kichewa kwamba sehemu ya mbele ya macho yangu imechongoka, ndiyo maana miwani zote tulizogawiwa kanisani hazikunisaidia. Nilihitaji lenzi ngumu, za kuvaa juu ya jicho lenyewe. Nilitaka kumkumbatia. Mimi ni fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wanangu wanakula kwa sindano yangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nashona kwa kupapasa.

Nikamwomba aniandikie vipimo. Mdogo wangu aliyehamishiwa Kanada alikuwa ameahidi kuniagizia lenzi kulekule. Yule bwana akatabasamu. Vipimo vinakaa hapa, alisema, na lenzi utanunua hapa. Nikamkumbusha kwamba kupimwa nimeshalipia, na kwamba bei ya lenzi zake nisingeifikia hata nikiuza mashine. Akasema nikajipange, nirudi nikiwa tayari.

Nijipange! Kutoka kambini kuja Lilongwe kunataka ruhusa, na ile ruhusa niliihangaikia mpaka nikachoka. Huyu alidhani naishi nyuma ya duka lake.

Nilipandwa na hasira, na sitaomba radhi. Kwetu kambini mafundi tunapima kwa uzi. Tunafunga fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la mkono, na mteja akitaka kwenda kwa fundi mwingine tunampa uzi wake anaondoka nao. Wivu tunao, tena mwingi, lakini sijawahi kumsikia fundi akimwambia mwanamke kwamba kiuno chake kitabaki dukani. Nilimwambia hivyo, kwa Kichewa changu cha sokoni. Akaniomba nipishe wengine. Nikakaa kwenye kiti chake kile cha kupimia, nikashika sehemu za mikono, nikamwambia aniondoe yeye.

Watu waliokuwa wakisubiri wakaanza kuchungulia. Mama mmoja mzee, Mmalawi, akasimama mlangoni. “Mpatseni, bwana,” alisema. Mpe basi. Wengine wakaitikia, na yule bwana akaandika haraka, akanisukumia karatasi.

Mimi kusoma maandishi yale madogo singeweza, ndicho kilichonileta. Nikampa yule mama anisomee. Akasoma, akageuza upande wa pili, akaniambia ni vipimo vya miwani tu, habari ya lenzi haimo. Alikuwa ananifukuza na karatasi isiyonifaa, akijua siioni! Nikarudi nikampigia meza. Safari hii aliandika yote, na yule mama akayasoma kwa sauti mbele ya watu. Sikusema zikomo, ile asante yao. Basi la kurudi kambini lilipita Kanengo bado nimeishikilia ile karatasi.

Lenzi zilikuja baadaye, ndani ya begi la mtu wa kanisa aliyetoka kumtembelea mdogo wangu. Nilijifunza kuzivaa kwa machozi mengi, mume wangu akinishikia kioo. Siku lenzi zilipotulia machoni nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine, nikachukua sare ya binti yangu niliyoishona mwenyewe.

Mshono ulikuwa umepinda. Haukupinda kidogo tu. Ulikuwa umetangatanga, ukaruka, ukarudi. Nikatazama shati la mume wangu, alilokuwa amelivaa palepale mbele yangu. Kola upande mmoja ilikuwa juu.

“We ulikuwa unaona?” nilimuuliza.

“Tuliona bote,” alisema. “Tungekuambia nini? Ungeacha kushona.”

Bote! Wateja wangu, wanakwaya wenzangu, wanawake walionisifu kisimani. Yule wa mjini nilimgombeza mpaka akasalimu amri. Hawa nitawagombeza vipi? Hata hivyo nilijaribu. Nilipita nyumba kwa nyumba nimefura, nikidai kila mwenye nguo niliyoishona katika ule ukungu wa macho aniletee niifumue, nimshonee upya bure.

Jirani yangu, niliyemshonea gauni la ndoa, alikuwa amelivaa siku hiyo akipepeta mchele. Kiuno kilikuwa kimemkaa mbavuni.

“Mi sirudishi, mama,” alisema, akaendelea kupepeta. “Hii njo gauni ya ndoa yangu. Iko muzuri.”