Boza Langu Kwenye Nyasi za Akiba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiendesha boza langu, lile lori la tangi la maji, kwenda upande wa Sericho na kujiona mimi ndiye mtu wa kwanza Isiolo kuzaliwa na akili. Boza hilo nililipata kwa kuuza mafahali wote niliopewa na baba. Biashara ikifa, narudi mjini na suruali niliyovaa. Wewe unayetaka kuwaanzishia wafugaji kitu kipya, hebu sikiza kwanza. Hiyo chai itangoja.

Si kwamba sikuuliza, wallahi. Nilisimama kisimani nikamuuliza kila mama aliyepita, "Mna shida ya maji?" Wote wakasema ndiyo. Sasa nani wa Sericho atakwambia hapana? Muulize mwenye njaa kama anataka chakula, halafu ujiite mtaalamu!

Nilikuwa nimeona mbuga moja mbali na visima, nyasi zimefika magotini na ng'ombe hata mmoja hakuna. Niliwacheka. Nikasema, hawa watu wana malisho na wanayaacha kwa kukosa maji tu, basi mimi nitayaleta. Nikatandaza hori la turubai, nikafungulia maji, nikakaa kungoja wateja. Habari ya maji haikuhitaji simu siku zile. Jua halijafika utosini nikaona vumbi linakuja, ng'ombe wengi mbio, na nyuma yao vijana wa mbali nisiowajua, wengine na bunduki begani. Nilifurahi. Astaghfirullah, nilifurahi.

Lakini aliyenifikia kwanza hakuwa mteja. Alikuwa Mjomba Guyo, kaka ya mama yangu, mzee aliyesimamia zamu za kunywesha pale kisimani. Alikuja kwa miguu, anahema, fimbo mkononi, na salamu hakutoa. Sisi Waborana tunasalimiana mpaka tunaulizana habari za mbuzi. Mzee akikunyima salamu, ujue umeharibu.

"Mwaga hayo maji," alisema.

"Mjomba, watu wana kiu!"

"Uliuliza kwa nini nyasi hizi bado ziko?"

Nikageuka kuzitazama nyasi.

"Ziko kwa sababu maji hayako! Tumeziacha makusudi. Mvua ikikataa, hapa ndipo ng'ombe wa mama yako watakula. Hawa wakinywa leo, watalala hapa. Wakilala, watakaa. Mwezi hautaisha kabla hujaona mchanga mtupu. Mwaga, nimesema!"

Nilitazama lile hori, mafahali wa baba wote wako mle ndani. Nikatazama vumbi, limekaribia mpaka nasikia vijana wakipiga mbinja. Nikapindua hori, nikafungulia na tangi, na ile ardhi kavu ikanywa kila kitu.

Kijana wa kwanza alifika akakuta matope. Ng'ombe wake waliyalamba huku wakilia. Akashusha bunduki begani.

"Mmenichezea," alisema. "Hawa wamekimbia tangu alfajiri. Nikiwarudisha hivi watakufa njiani."

Nilimwangalia mjomba, nikadhani leo ninamzika kwa ujinga wangu. Yeye akaweka fimbo yake chini, taratibu, akasogea karibu na yule kijana.

"Zamu ya leo kisimani ni ya ng'ombe wangu," alimwambia. "Nakupa wewe na wenzako. Nywesheni, kisha mrudi kwenu."

Kijana alimwangalia mzee, kisha ng'ombe wake. Halafu akarudisha bunduki begani, wakaenda.

Nyasi zikapona, na kiangazi kilipokaza ziliokoa ng'ombe wa watu wengi, wa mama yangu wakiwemo. Mimi nilikuwa nimekimbilia mjini kwa aibu. Niliporudi baada ya siku chache kuomba radhi nilikuja na sukari na majani ya chai, kama mtu mwenye adabu, na boza langu tupu. Nikamkuta mjomba amechutama bomani kando ya ng'ombe wake mwekundu, yule aliyewapa watoto wake maziwa. Wenzake walikuwa wamevumilia kiu tangu zamu ile aliyoigawa mpaka zamu nyingine, wakaenda kisimani. Huyu alibaki kwa kukosa nguvu za kutembea, na sasa alikuwa amelala, pumzi zinahesabika. Mjomba hakunitukana. Heri angenitukana.

Nikachutama naye, nikamuuliza huku nalia, "Mjomba, kwani mlikuwa mnahitaji nini?"

"Sasa ndiyo umeuliza," alisema.

Akanieleza. Ng'ombe mwenye nguvu hufika kisimani kwa miguu yake. Shida iko kwa wanaobaki bomani, ndama, wagonjwa, mama aliyejifungua juzi, wote wakingoja punda mmoja na mitungi yake ya maji. "Ungeleta maji hapa," alisema, "hata leo." Boza lilikuwa limesimama pale nje, mwanangu, na ndani yake hakukuwa na maji ya kujaza kikombe. Ng'ombe yule alikufa kabla ya adhuhuri.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usiende kwa watu na swali ambalo jibu lake tayari uko nalo mfukoni. Kaa nao, waulize jana ilipitaje, nani hubaki nyuma wengine wakienda. Na ukiona jambo linalokuchekesha, kama nyasi nzuri zisizoliwa, funga mdomo uulize sababu yake. Huenda ndilo linalowaweka hai. Kosa lako wewe linaweza kulipwa na mwingine, na asikudai.

Haya, nenda. Mungu akujalie masikio kabla ya mali, akupe wazee wa kukukemea mapema, na kazi ya mikono yako imfikie yule asiyeweza kutembea.