Picha ya Mawingu na Maharage ya Mama

Shamba la ngano la serikali lilikuwa na mtambo wa kupokea picha za setelaiti, na aliyeuendesha nilikuwa mimi, binti wa mkulima wa maharage wa Endasak. Setelaiti ile ilikaa juu ya ikweta, ikienda sambamba na mzunguko wa dunia, kwa hiyo haikubanduka juu yetu. Nilizipanga picha zake mezani nikaona wingu limesogea kutoka wapi hadi wapi.

Jumatano moja ya mwezi wa tano niliona wingu zito limevuka Ziwa Viktoria, linakuja kwetu. Meneja alisimamisha unyunyizaji wa dawa papo hapo. Nikamwomba ruhusa nikawaonye watu wa vijijini, maana maharage yalikuwa yameng'olewa, yamelala uwanjani.

"Hiyo picha ni ya ngano," alisema.

Ya ngano! Damu ilinichemka. Mchana nilidandia lori la shamba mpaka nyumbani.

Mama alikuwa amealika majirani kupura maharage Jumamosi, siku ambayo pombe yake ingeiva. Kwetu kazi ya ujirani hufuata pombe. Huiti watu wakati mtungi haujachacha.

"Shikamoo mama. Maharage yapurwe kesho."

"Marahaba. Kesho niwape watu nini, maji? Unataka nichekwe kijiji kizima?"

"Wape togwa, japo hailevyi. Yakioza haya, tutakula nini mpaka mwakani?"

Alinuna, lakini hakunizuia. Nilipita nyumba kwa nyumba mwenyewe. Wazee walinicheka, eti binti anaona mvua kwenye karatasi. Hata hivyo Alhamisi walikuja, wakanywa togwa kama watoto wanaonyweshwa dawa, wakashika fimbo wakapura. Wengine walirudi kwao kuingiza ya kwao. Gunia letu la mwisho liliingia ndani jioni.

Ijumaa mvua ikashuka, ikanyesha siku mbili. Nilisimama mlangoni nikaitazama kwa furaha, sifichi.

Jumatatu meneja alikuwa ameshasikia. Alikuja mezani kwangu amefura.

"Nani alikutuma kutoa habari za shamba nje?"

"Hakuna. Nilijituma."

"Nilikwambia picha hizi ni za ngano!"

Nikachukua picha ya asubuhi ile, Afrika nzima na mawingu yake, nikamsogezea pamoja na mkasi.

"Basi kata, mzee. Chukua ngano yako, uniachie kipande cha kwa mama."