Fedha, Rangi na Nafasi ya Katikati

Nilishuka garimoshi Mbeya miguu imekufa ganzi, nikapanda basi la Kyela lililojaa sabuni na betri za wafanyabiashara wa soko huria, magoti yangu juu ya gunia la mtu. Kesho yake nilianza kazi ya mhudumu wa maabara katika mradi wa maji.

Mkuu wa Maabara alinipa kioo chenye ukungu wa kijivu. "Usifute. Hizo ni chembe za madini ya fedha, ndogo kuliko vumbi."

Rangi maalumu ilinata kwenye vijidudu vya maji, nasi tukaimulika kwa taa ya bluu. Karibu na fedha, rangi hiyo hung'aa maradufu, hata vijidudu vichache vikaonekana. Lakini ikigusa fedha yenyewe, madini humeza mwanga wake. Kwa hiyo kila kioo kilipakwa kwanza utando mwembamba wa protini, ili rangi ikae karibu na fedha bila kuigusa.

"Kama mimi na baba mkwe," alisema Atupele, mwenzangu wa maabara. "Ua mmoja, ila hatuonani uso wala hatusemezani. Ndiyo desturi yetu Wanyakyusa."

"Umeielewa kuliko wanafunzi wangu, binti," Mkuu akacheka.

Masika yalipoanza, watu wakaanza kuharisha na kutapika katika kijiji cha Katumba Songwe. Tulipima maji ya kisima cha mkwe wake Atupele, Mzee Ambakisye. Kioo kikabaki giza.

"Salama," Mkuu aliwaambia waliotumwa na kijiji. Wakaondoka na baiskeli zao.

Ndipo alipoligeuza sanduku la vioo. "Hivi vya jana havina utando. Nani alipaswa kuvipaka?"

Alivipaka mwenyewe, akapima upya. Kioo kikawaka kijani.

Tulimkuta mzee kisimani, ndoo imejaa, wajukuu wameshika vikombe. Mkuu akamwambia maji yale yana vijidudu.

"Asubuhi salama, sasa sumu? Mnatuchezea," alisema. "Kunyweni, wajukuu."

Atupele alishuka garini, akasimama nyuma ya migomba, akampa mgongo.

"Baba, hao ni wanangu. Mwaga."

Mzee aliinamisha macho. Kisha nikasikia maji yakipiga ardhi.

Nimezunguka kazi nyingi tangu hapo. Hakuna ninayoikumbuka kama ile. Mradi ulipofungwa, nilipita kwa kina Atupele kuaga kabla ya kuvuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi. Mzee alikaa kibarazani, ameupa mgongo ukuta wa jikoni.

"Mwambie mkamwana wangu, ndaga," alisema, kwa sauti kubwa kuliko niliyoihitaji mimi. "Namshukuru."

Nyuma ya ukuta, Atupele alikuwa akipepeta mpunga. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Nikabeba begi langu, nikaondoka.