Mama Vahwere na Maombi ya Kukaa

"Mama Vahwere, ile sutien ya maziwa makubwa, ya rangi ya machungwa, uliyoanika pale, mwenyewe ni nani?"

Aliyeuliza hivyo juu ya ua wa lupango ni Madeleine, jirani yake wa hapa Saio, mutaa wa Bunia, na alikuwa anauliza kwa moyo safi kabisa. Vahwere akamueleza kwamba ile ni jile ya kuelea mu maji, kwamba mwenyewe ni kila mutu asiyejua kuogelea, na kama anataka kuijaribu aingie, lakini ajue inafungwa mbele. Wakacheka mpaka majani ya sombe ya Madeleine yakaungua jikoni.

Bunia haina ziwa. Ziwa liko chini kule Kasenyi, na Vahwere ameteremka barabara ile miaka kumi na minane kufuata samaki wa chumvi. Mara ya kwanza maji yalipoingia mu mutumbwi alilia kama wengine. Mara ya pili alichoka kulia, akaanza kuuliza: tundu linazibwa na nini, moto wa esansi, ile petroli ya moteri, unazimwa namna gani. Waendeshaji walimujibu ili anyamaze, na hakunyamaza. Leo yeye na bwana yake Elysée wako na mutumbwi wao wa mbao wenye moteri, na ni yeye anayepanga watu na mizigo. Elysée anaogopa maji. Anabaki nyumbani kuchunga mbuzi, na hana haya kusema hivyo.

Mutumbwi huohuo ulimuletea shauri la kukatiwa Meza ya Bwana mwaka huu. Na Vahwere, tangu abatizwe akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa hajakosa mukate na kikombe hata mara moja, hata zile siku za kukimbia vita.

Mbali na ile jile, vyombo vyake si vingi. Bidon mbili za plastiki zilizokatwa za kuchota maji, vitambaa vya kuziba matundu, na gunia lililoloweshwa. Gunia lile analikalia safari nzima, maana akiliweka pembeni mutu atalifungia samaki. Kwa hiyo kila mara anashuka na kikwembe kimelowa nyuma, na watu wageni wananong'onezana kwamba mama wa watu hakuweza kujizuia. Anawaacha wanong'one.

Basi mwezi wa munane kanisa lake likawa na mukutano Tchomia, kijiji kingine cha kando ya ziwa. Barabara ya kando ya ziwa haikuwa na amani wiki ile, wakaamua kupita mu maji toka Kasenyi: watu makumi tatu, korali pamoja na ngoma zake, na Muchungaji Osée pamoja na matela yake mupya, godoro lingali ndani ya nailoni. Mwaka wa nyuma walimulaza ku mukeka, akahubiri siku tatu shingo imepinda kama ya kuku wa kuchinjwa, na hakutaka tena.

Vahwere alipanga watu kwa uzito, wanene katikati. Muchungaji ni mutu wa katikati, mutu yeyote mwenye macho angeona. Lakini alitaka mbele, ili Tchomia wamuone akifika. Vahwere akamuachia, kwa heshima. Hilo ndilo kosa lake, na komite ya kanisa haikuliandika.

Sasa, kanisa lile haliombi likikaa. Kukaa ni kwa matangazo. Maombi ni wima, mikono juu, hata vibibi ambavyo vinasimamishwa na watu wawili.

Walikuwa wameona mabati ya Tchomia wakati Didier, muendeshaji, alipoamua kuongeza esansi bila kuzima moteri. Moteri ile ukiizima inataka kubembelezwa kama bibi-arusi. Akamimina huku muguu unafuata ngoma ya korali. Esansi ikamwagika juu ya chuma cha moto, na moto ukasimama kule nyuma, urefu wa mbuzi.

Muchungaji akasimama. Alipoinua mikono, kanisa zima likasimama nyuma yake, mutumbwi ukalala upande, na maji yakaingia bila kubisha hodi.

Vahwere alisikia mwenyewe sauti yake ikisema: "Muchungaji, kaa chini. Makalio yako iko mazito kupita maombi yako."

Muchungaji, mikono ingali juu, akajibu bila hasira: "Mama, hata Bwana alisimama mu dhoruba."

"Alisimama mumoja. Weye uko na watu makumi tatu nyuma yako."

Akakaa. Wote wakakaa, mu maji mpaka kiunoni. Didier alikuwa amekwisha kuchota maji ayarushe ku moto. Vahwere akamushika mukono, maana esansi inaogelea juu ya maji na ingewafuata mpaka mbele, akamuambia afunge esansi, kisha akavuta gunia toka chini yake na kufunika moteri yote. Moto ukakosa pumzi, ukakufa.

Ikabaki ile supu ya maji na esansi miguuni mwao. Korali ikataka kuimwaga ziwani, na mama mumoja akatoa sabuni ya Omo eti waisafishe kwanza. Vahwere akakataa yote mawili: pale mbele kulikuwa na wanawake wanateka maji ya kunywa, na Omo haiondoi esansi, inaificha tu mpaka ifike mu tumbo ya mutoto. Akatazama kitu kimoja ndani ya mutumbwi kinachoweza kunyonya. Akatoa kisu. Muchungaji akageuza uso. Matela ikakatwa vipande kumi na viwili, kila muimbaji akapewa kipande, wakanyonya esansi na kuikamulia ndani ya bidon, na ndipo maji yakachotwa. Wakafika wakinuka kama garaji, wote wazima.

Komite ilimuita Vahwere dimanshi ya tatu kisha safari ile, siku ya ibada. Muzee Lucien, karani wa komite, akasoma mu daftari: ametukana mutumishi wa Mungu mbele ya korali, ameharibu matela. Vahwere akakubali yote mawili. Siku mbili alikuwa amefunga kula, kwa maombi. Tusi alikuwa amelitubu mbele ya Mungu palepale ziwani, mikono ndani ya esansi.

Desturi ya kanisa ni kwamba mutu wa nidhamu anaruhusiwa ombi moja tu kabla ya kukatiwa Meza. Kila mutu anajua ombi lenyewe: unaomba musamaha, wanaandika, wanafunga daftari, unarudi ku Meza. Muzee Lucien alikuwa amekwisha kuandika herufi za kwanza. Meza yenyewe ilikuwa pale mbele, imefunikwa kitambaa cheupe, na Vahwere aliitazama, kisha akasema:

"Ombi langu ni hili: safari ingine ya maji, muchungaji akae katikati pale nitamuonyesha, na aanze maombi akiwa amekaa, ili watu wote wamuone."